Muguka Pwani: Marufuku au Masharti?

Mada: Je, kaunti za Pwani ya Kenya zipige marufuku muguka?

MZAZI: Mimi sitazunguka. Muguka usiingie Pwani. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipotoa amri ya kuzuia muguka Mombasa, kisha Kilifi na Taita Taveta zikafuata, sisi wazazi tulimshukuru Mungu, maana tulikuwa tumepiga kelele hadi sauti zimekauka. Kibanda cha muguka utakikuta karibu na lango la shule, utakikuta njia ya msikitini, utakikuta kila pembe ya mtaa, na usiku hakifungwi. Mtoto aliyepewa pesa ya chakula cha mchana ananunua stimu kwa pesa hiyohiyo. Anayesema hili ni jani tu, na aje akae na kijana ambaye usiku wa tatu huu hajalala, anazungumza na ukuta.

MKULIMA: Pole sana, mama. Nakuomba unisikilize kama mzazi mwenzio. Natoka Mbeere, upande wa chini wa Embu, ambako mvua ikija ni kidogo na ikikosa inakosa kabisa. Mahindi tulipanda, yakakauka. Pamba tuliambiwa tupande, soko likafa mikononi mwetu. Muguka ndio ulioshika. Mti ukishatia mizizi unavumilia kiangazi, ukipogolewa unachipua tena, na mtu anachuma mara kwa mara badala ya kungoja msimu ambao huenda usije. Karo imetoka hapo, mabati ya nyumba yametoka hapo, bili ya hospitali imetoka hapo. Siku barabara ilipofungwa, mzigo uliokwama ulinyauka, na hakuna aliyenifidia. Jani hili ni la siku mbili tu.

DAKTARI: Hizo siku mbili, mzee, zina sababu yake. Muguka na miraa ni mmea mmoja, Catha edulis. Miraa ya Meru huuzwa vijiti na mtu hutafuna ganda lake laini. Muguka ni majani machanga yaliyochumwa mtini. Ndani yake mna kathinoni, kemikali iliyo ndugu wa amfetamini, na hukaa kwa wingi zaidi katika majani machanga na vichipukizi. Jani likinyauka, kathinoni huvunjika na kuacha kemikali nyingine zenye nguvu ndogo. Ndiyo maana mzigo hufungwa kwa majani ya migomba na pikapu huenda mbio usiku kucha. Mtu akitafuna, kathinoni hupanda kwenye damu na kufika kileleni baada ya saa mbili hivi. Moyo huenda mbio, presha hupanda, njaa na usingizi huondoka. Umoja wa Mataifa umeiweka kathinoni katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa 1971, orodha moja na LSD.

WAKILI: Na useme yote, daktari. Mkataba ule unadhibiti kathinoni iliyotengwa. Mmea wenyewe haumo. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ililipima jambo hili, ikaona kwamba uwezo wa jani kuzalisha matumizi mabaya na uraibu ni mdogo, na haikupendekeza mmea uwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Ukisema LSD mbele ya wazazi bila kusema hilo, umewatisha, hujawaelimisha.

DAKTARI: Nakubali, na nitalisema lote. Kamati hiyohiyo ilitambua kwamba matumizi ya kupindukia huleta madhara ya kijamii na baadhi ya madhara ya kiafya, ikashauri nchi zifanye kampeni za kuwaelimisha watu waache. Kutokuwekwa kwenye orodha ya dunia si cheti cha usalama. Sigara haimo katika orodha hiyo, na hakuna daktari anayesema ni salama. Zaidi ya hapo, waliopimwa katika tafiti nyingi za zamani walikuwa watu wazima waliotafuna alasiri, wakipiga gumzo, wakaenda kulala. Ninaowaona mimi ni vijana wanaoanza asubuhi kabla ya chai na kuendelea hadi alfajiri ya pili.

DEREVA: Mimi natafuna, na sioni haya kusema. Naendesha lori kutoka bandarini hadi Malaba. Mwenye mzigo anataka ufike jana. Nikiwa na mfuko wangu wa muguka, chingamu na njugu, macho yanakaa wazi na barabara naiona. Sijawahi kupigana na mtu, sijawahi kuiba, sijalala njaa wala sijalaza wanangu njaa. Ukinizuia muguka, utanipa nini cha kunivusha Voi saa nane za usiku?

DAKTARI: Usingizi, ndugu yangu. Kathinoni haikupi usingizi uliokosa; inakuzuia kuuhisi tu. Deni linabaki mwilini. Nguvu ya jani ikishuka, deni lote huja kwa pamoja, na mtu anaweza kusinzia kwa sekunde chache macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa, lori linakwenda zaidi ya mita ishirini kila sekunde. Na je, ukifika Malaba unalala?

DEREVA: Silali mara moja. Mwili umechoka, kichwa kinakimbia. Wengine hunywa pombe ndipo walale. Wengine hununua tembe.

DAKTARI: Hapo ndipo penye hatari ambayo watu hawaihesabu. Mtu anatafuna ili akeshe, kisha anameza tembe za kutuliza akili, zile vijana huziita bugizi, au anakunywa pombe, au anavuta bangi, ili ashuke. Kesho anaamka mzito, anatafuna zaidi ili asimame. Baada ya miezi michache ana uraibu wa vitu viwili au vitatu, na cha pili huenda kikamshika kuliko cha kwanza. Ukiniuliza muguka peke yake umewaua wangapi, nitakujibu kwamba vifo vya moja kwa moja ni nadra. Ukiniuliza unafungua milango gani, jibu ni refu.

MKULIMA: Basi, daktari, shtaka ni la tembe na pombe. Mbona hukumu iwe ya muguka? Chang'aa inapofusha watu, inaua kumi kwa jioni moja, na bado baa zina leseni. Sigara mmetuambia wenyewe inaleta saratani, na inauzwa dukani penye peremende za watoto. Jani la mkulima mdogo wa Mbeere ndilo linalofungiwa barabara. Kampuni kubwa za bia zingefungiwa hivyo?

MZAZI: Mzee, hoja ya kwamba wengine nao wanatuua haimponyi mwanangu. Wewe unasema pombe ipo na sigara ipo. Mimi nasema hizo mbili zimetutosha, usituongeze ya tatu. Tena hebu nikuulize swali la mzazi kwa mzazi. Mwanao wa darasa la nane, unamruhusu atafune?

MKULIMA: Hapana. Nikimkuta, tutaelewana vibaya.

MZAZI: Kwa nini, kama ni jani tu?

MKULIMA: Kwa sababu kila kitu kina umri wake. Kwa majirani zetu Wameru, tangu zamani miraa ilikuwa ya wazee. Ilitumwa kwenye posa, iliwekwa mbele ya wageni, wazee wa baraza la Njuri Ncheke waliitafuna wakiamua kesi za ardhi. Kijana aliyeiweka mdomoni alikemewa. Huko kwao Nyambene kuna miti ambayo mababu waliwaachia wajukuu, na haikuwaharibu.

MZAZI: Basi huko kwenu mlikuwa na marufuku! Mliwapiga marufuku vijana, na kila mzee wa kijiji alikuwa askari wake. Jani mkalipakia kwenye pikapu mkatuletea sisi, wale wazee hamkuwapakia. Limefika Likoni bila mlinzi, likauzwa kwa kila mwenye sarafu. Leo sisi tukiweka ulinzi wetu, mnasema tunawaonea.

MKULIMA: Hayo yalikuwa masharti, mama. Mwenye kustahili alipata, asiyestahili alinyimwa. Ninyi mmemnyima hata mzee wa miaka sabini anayetafuna kwa adabu barazani kwake.

MZAZI: Sawa, yalikuwa masharti. Nionyeshe nani atayasimamia huku kwetu saa nne za usiku.

WAKILI: Hapa sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Mazao ya 2013, baada ya kurekebishwa, inaitambua miraa kuwa zao la biashara. Ndiyo sababu Rais William Ruto alipokutana na viongozi wa Embu alisema amri za Pwani hazina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha kwa muda. Serikali ya taifa haiwezi kumwambia mkulima hili ni zao halali, kisha kaunti imsimamishe Mariakani na kumwambia ni sumu.

MZAZI: Wakili, Katiba nayo, jedwali lake la nne linasema udhibiti wa dawa za kulevya ni kazi ya kaunti. Limeandikwa, na si mimi niliyeliandika.

WAKILI: Limeandikwa, kweli, na ni hoja nzito. Lakini kudhibiti na kufutilia mbali ni mambo mawili. Kaunti inaweza kuamua nani auze, wapi, saa ngapi, na kwa nani. Sina hakika inaweza kuamua kwamba zao lililotambuliwa na Bunge lisipite katika ardhi yake. Tena amri ya gavana iliyotoka kwa haraka, bila wakulima wala wauzaji kusikilizwa, ni rahisi kuangushwa mahakamani. Uganda waliyaona hayo: Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria yao ya dawa za kulevya, iliyokuwa imeharamisha mairungi, jina lao la jani hili, kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Waliokwenda mahakamani walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa Wakiso. Bunge likalazimika kuitunga upya.

MZAZI: Ikatungwa upya, umesema mwenyewe. Na Tanzania wamepiga marufuku jani hili, wanaloliita mirungi, bila kutetereka. Na Uingereza wamepiga marufuku. Sisi peke yetu ndio tunaambiwa hatuwezi?

WAKILI: Tuzitazame moja moja. Uingereza ilikuwa na baraza lake la ushauri kuhusu dawa za kulevya. Januari 2013 baraza hilo lilichunguza ushahidi likaishauri serikali isipige marufuku, kwa kuwa madhara yaliyothibitishwa hayakutosha. Serikali ikapiga marufuku hata hivyo, kuanzia Juni 2014. Tanzania imeharamisha mirungi, na bado Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imelazimika kupanda milima ya Upare, wilayani Same, kuteketeza mashamba. Kama marufuku ingetosha, kungekuwa na nini cha kuteketeza?

MZAZI: Wizi nao umeharamishwa na bado wezi wapo. Tuuhalalishe?

MKULIMA: Mama, nakwambia yaliyofuata ile amri ya Uingereza, maana hayo hayakuandikwa Pwani. Igembe, kule Maua, pesa ya London ilikatika kwa siku moja. Wakabaki na soko la Somalia. Machi 2020 Somalia nayo ikafunga anga kwa ajili ya korona, na ndege za miraa hazikurudi hadi Julai 2022. Watoto waliacha shule. Wanaume waliojenga wakabaki na misingi ya nyumba. Hayo pia ni madhara ya afya, daktari, ingawa hayaonekani kwenye kipimo cha presha.

DAKTARI: Umaskini ni ugonjwa, sitakubishia. Lakini niruhusu nitaje na yanayoonekana kwenye vipimo, ili mizani iwe na pande zote mbili. Kwanza moyo. Kule Yemen, ambako watu wengi sana hutafuna, watafiti waliwalinganisha wagonjwa wa mshtuko wa moyo na watu wengine, wakakuta watafunaji ni wengi zaidi miongoni mwa wagonjwa, na hatari ilipanda kadiri mtu alivyotafuna sana. Pili kinywa na tumbo: fizi huharibika, mabaka meupe hutokea upande wa shavu anaowekea takize, yaani donge la majani, choo hufunga kwa sababu ya tanini iliyomo, hamu ya kula hupotea. Tatu ini: Uingereza, kabla ya marufuku, madaktari waliripoti vijana waliofika hospitalini ini limeharibika, na kitu walichokuwa nacho pamoja ni jani hili. Nne mimba: mama anayetafuna yuko katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Na bado sijafika kwenye akili.

MKULIMA: Hao wote walitafuna sana. Umesema mwenyewe, kadiri alivyotafuna sana.

DAKTARI: Nimesema, na ndilo jambo ninalotaka kila mtu alisikie. Kipimo ndicho kinachoamua mengi. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Hargeisa, Somalia ya kaskazini, kuhusu watu waliougua akili na uhusiano wao na jani hili. Walioanza wakiwa wadogo na waliotafuna kwa wingi ndio walioonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kusikia na kuona visivyokuwepo. Baadhi yao walikuwa wamepigana vitani, kwa hivyo huwezi kubebesha jani mzigo wote. Lakini picha ni hiyohiyo ninayoiona: umri mdogo, wingi, usiku bila usingizi, na moyo wenye jeraha la zamani.

WAKILI: Kwa hiyo jani halimfanyi kila mtu mwendawazimu.

DAKTARI: Halimfanyi. Wengi wanaotafuna hawatafika kwangu kamwe, na ndugu yetu dereva huenda akawa mmoja wao. Mwaka 2022 NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilikadiria kwamba karibu Wakenya milioni moja wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanatafuna. Kama wote wangeugua akili, nchi ingesimama. Lakini sehemu ndogo ya milioni moja ni watu wengi, na siwezi kumtazama mvulana wa miaka kumi na sita nikajua mapema kama yumo katika sehemu hiyo. Ubongo wake bado unajengeka. Yeye ndiye mtu ambaye sitaki ajaribu.

MZAZI: Wangu alijaribu. Alianza kwa kutafuna na wenzake maskani, eti wanasoma usiku kwa ajili ya mtihani. Kisha chakula akawa hakitaki. Kisha simu zikauzwa, kisha hasira, kisha akaanza kusema majirani wanamsikiliza kupitia dirishani. Tulipompeleka hospitali, tuliambiwa alazwe, na tulilipa tulichokuwa nacho na tusichokuwa nacho. Sasa ameachiwa, anameza dawa kila siku. Mzee, pesa iliyomsomesha mwanao ilitoka mfukoni mwa mwanangu aliyeacha kusoma. Nisamehe, lakini ndivyo ninavyoiona.

MKULIMA: Sina jibu la maneno hayo, mama. Mungu amponye. Lakini mimi sikumuuzia. Nimemuuzia dalali wa Embu, dalali kamuuzia mwenye lori, mwenye lori kamuuzia wa soko, wa soko kamuuzia wa kibanda. Ukihesabu na wangu, ni mikono mitano. Mbona mkono wa kwanza ndio ukatwe?

MZAZI: Kwa sababu ndio mkono pekee ninaouona. Wa kibanda nikimfukuza leo, kesho yuko mwingine.

DEREVA: Mama ana haki, na mzee naye ana haki, lakini mimi nitasema tunayoyaona sisi wa barabarani. Amri ya gavana ilipotoka, muguka haukukoma. Ulipanda bei. Uliingia ndani ya buti za magari madogo, ndani ya magunia ya mboga. Askari wa vizuizini walipata mapato mapya. Aliyetafuna mchana penye watu akaanza kutafuna usiku chumbani. Na walioshindwa na bei, nimewaona wakienda kwenye tembe, maana tembe ni rahisi kuficha.

DAKTARI: Ushahidi huo wa tembe unanitia hofu kuliko yote yaliyosemwa hapa.

MZAZI: Na mimi nitasema niliyoyaona katika siku hizo. Vibanda vilikuwa vimefungwa. Watoto walipita njia ile kwenda shule bila kuitwa. Bei ikipanda, mtoto mwenye shilingi hamsini hanunui. Ninyi mnasema marufuku haikumzuia mraibu. Mimi sikuitaka kwa ajili ya mraibu peke yake. Niliitaka kwa ajili ya yule ambaye hajaanza.

DAKTARI: Hilo nalo ni kweli kitabibu. Kitu kikiwa ghali na kikiwa mbali, wanaoanza hupungua. Tumeliona kwa sigara na kwa pombe.

WAKILI: Basi tufike mahali hapo bila kuvunja sheria. Tuna mfano: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Mwenye chini ya miaka 18 hauziwi. Baa haiwekwi ndani ya mita 300 za shule. Kuna leseni, kuna saa za kufungua na za kufunga. Chukua masharti hayo yote uyaweke kwa muguka. Ongeza vipimo vya dawa za kunyunyizia, kwa sababu jani hili huingia kinywani likiwa bichi, mara nyingi bila kuoshwa. Ongeza ushuru, na ushuru uende kwenye matibabu. Kaunti itakuwa imedhibiti, mkulima atakuwa na soko, na mzee wa barazani atakuwa na haki yake.

MZAZI: Wakili, unaishi nchi gani? Sheria hiyo ya pombe ina zaidi ya miaka kumi. Njoo nikutembeze mtaa wetu, nikuonyeshe mangwe ya mnazi na baa zilizo hatua chache kutoka shuleni, nikuonyeshe mtoto anayetumwa na babake kununua. Masharti mazuri kwenye karatasi ndiyo yaliyotufikisha hapa. Marufuku angalau askari anaielewa: ukikuta jani, ni kosa. Sharti la umri linamtaka askari aulize, apime, aamue, na kila anapoamua pana mlango wa rushwa.

WAKILI: Na marufuku ni mlango mpana zaidi wa rushwa. Dereva amekwambia.

MKULIMA: Kuhusu ushuru, mimi nalipa tangu zamani. Lori likitoka linalipa, likiingia kaunti nyingine linalipa. Mombasa yenyewe imekuwa ikitoza kila mzigo. Miaka yote hiyo mlipokea pesa, hamkusema ni sumu. Pesa hizo zilijenga kituo gani cha kuwatibu waraibu?

MZAZI: Swali hilo muulize gavana, na mimi nitasimama nyuma yako ukimuuliza. Lakini tazama mtego uliomo ndani ya wazo la wakili. Kaunti ikianza kuwatibu watoto wetu kwa pesa ya muguka, itataka muguka uuzwe zaidi ili pesa isipungue. Atakayeandika bajeti hatatamani vibanda vifungwe.

DAKTARI: Hofu hiyo ina msingi. Ila nijibu kwa upande wa wodi. Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kukata uraibu wa kathinoni. Tiba ni ushauri nasaha, kurejesha usingizi, kutibu magonjwa ya akili yaliyojitokeza, na familia kufundishwa. Yote hayo yanataka watu na muda, na watu hao ni wachache katika hospitali za umma. Waraibu wengi huishia kwenye vituo vya kulipia au hawatibiwi kabisa. Mkipiga marufuku kesho, waliokwisha kushikwa watakuwa bado wako mlangoni kwangu. Mkiweka masharti kesho, watakuwa wako palepale. Upande wowote utakaoshinda, huduma hii haiwezi kungoja mshindi apatikane.

DEREVA: Na kabla mkulima hajahukumiwa na mimi sijahukumiwa, mwenye lori naye aitwe. Akinipa ratiba yenye saa za kulala, sihitaji kitu cha kunikesha. Wengi mnaowaona wakitafuna bandarini, kwenye ulinzi wa usiku na kwenye bodaboda hawatafuti starehe. Wanatafuta saa za ziada ambazo mwili hauna.

MKULIMA: Sasa mimi niulize langu. Mnasema nibadilishe zao. Nibadilishe niweke nini? Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere: mabwawa hayo ya Mto Tana yako mpakani mwa Mbeere. Maji yake yanawasha taa nchi nzima, na taa za Mombasa zimo. Shamba langu liko kavu, maji nayatazama kwa macho. Nileteeni mfereji, mimi nitang'oa muguka kwa mikono yangu nipande nyanya. Bila maji, kuniambia niache muguka ni kuniambia nihame.

MZAZI: Maji hayo nitakusaidia kuyadai, mzee, hadi Nairobi. Lakini mfereji huchukua miaka, na mtoto wa darasa la saba hana miaka ya kungoja.

WAKILI: Basi niwaulize nyote wawili: ni kitu gani kila mmoja wenu yuko tayari kukubali sasa?

MKULIMA: Nakubali leseni. Nakubali kila muuzaji awe na jina na namba, na mzigo wangu uende kwa wenye namba pekee. Anayemuuzia mtoto anyang'anywe leseni, na sisi wakulima tumtenge. Najua nitauza kidogo zaidi. Soko libaki wazi, wakosaji wafungiwe mmoja mmoja.

MZAZI: Mimi nakubali kinyume chake. Vifungwe vyote kwanza. Kaunti ionyeshe kwamba inaweza kulinda mita 300 za shule kwa mwaka mzima, ionyeshe wodi yenye wauguzi, ndipo kifunguliwe kibanda kimoja kimoja kwa mwenye kustahili. Wewe unataka tuamini kwanza, tuone baadaye. Sisi tumeshaamini sana.

WAKILI: Kwa kawaida ya sheria, anayetaka kuzuia ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Riziki ya mtu haizuiwi kwa hofu ya kitakachoweza kutokea.

DAKTARI: Na kwa kawaida ya utabibu, anayetia kitu ndani ya mwili wa mtu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ni salama. Kama jani hili lingeletwa leo likiwa kidonge, lisingepita.

MKULIMA: Si kidonge, daktari. Ni zao, nalo lilikuwepo kabla ya hospitali yako.

MZAZI: Liwe kidonge, liwe zao, mtoto wangu alilinunua bila kuulizwa umri. Nitajieni mtu mmoja ambaye kazi yake leo jioni ni kuuliza, nami nitaanza kuzungumza habari ya masharti.

MKULIMA: Nami nitajieni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kunilipa mzigo unaponyauka, nami nitaanza kuzungumza habari ya marufuku.